Kompyuta mpakato ndogo kwa mtu wa kuchapa: ThinkPad, EliteBook, Latitude au MacBook Air?

Mwandishi wa habari, mfasiri, katibu wa mikutano na mwanafunzi anayeandika tasnifu wanahitaji kitu kimoja: mashine ndogo inayoingia kwenye mkoba bila kulemea bega, na kibodi isiyochosha vidole baada ya kurasa kumi. Wakifika dukani wanaelezwa prosesa, ukubwa wa diski na kioo cha kugusa. Kibodi haitajwi. Hapa tunaanza na kibodi, kwa sababu diski ya mashine nyingi hubadilishwa kwa dakika ishirini, lakini kibodi utaigusa kila siku mpaka siku utakayoiuza mashine.

Tunalinganisha mashine zilizotumika, zile zinazoshushwa kutoka Uingereza, bara la Ulaya na Dubai, kisha zikauzwa Kariakoo na Luthuli Avenue. Nyingi zilikuwa za maofisi. Zilipokuwa mpya bei yake ilikuwa juu, na makampuni huziondoa baada ya miaka michache zikiwa bado na nguvu. Kwa mtu wa kuchapa, mashine ya ofisi ya mwaka 2018 mara nyingi ni bora kuliko mashine mpya ya bei sawa, ambayo bamba lake la plastiki linabonyea katikati kila unapogusa herufi G.

Angalia kwanza namba ya prosesa

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 nayo, kwa masharti rasmi, inaanzia prosesa za Intel za kizazi cha 8. Hapo ndipo soko la mitumba lilipogawanyika. Upande mmoja zimebaki ThinkPad X270, EliteBook 820 G3 na 820 G4 na Latitude 7280: mashine imara, ila Windows 11 haizitambui rasmi. Upande wa pili kuna ThinkPad X280, X1 Carbon ya kizazi cha 6, EliteBook 830 G5 na Latitude 7290.

Kizazi kinasomeka kwenye namba yenyewe. i5-6300U ni cha 6, i5-7300U ni cha 7, i5-8350U ni cha 8. Usitosheke na jina la mashine, maana baadhi ya 830 G5 na 7290 zilitoka kiwandani na prosesa za kizazi cha 7. Muuzaji anaweza kukuonyesha Windows 11 ikiwaka vizuri kwenye mashine ya kizazi cha 6. Inawezekana kabisa kuilazimisha, lakini Microsoft haiahidi kwamba mashine hiyo itaendelea kupokea masasisho, na masasisho makubwa hayaji yenyewe. Tena prosesa za i5 za kizazi cha 8 katika mashine hizi zina viini vinne, yaani sehemu nne zinazofanya kazi kwa pamoja, ilhali za kizazi cha 7 zina viwili. Ukifungua Word, kivinjari chenye vichupo kumi na tano na mkutano wa video kwa pamoja, tofauti hiyo utaiona.

Anayekubali kutumia Linux, mfumo endeshi wa bure badala ya Windows, kwa mfano Mint au Ubuntu pamoja na LibreOffice, hana haja ya kujali mpaka huo. Yeye ndiye mwenye nafasi nzuri zaidi ya kupata kibodi bora kwa pesa kidogo.

| Mashine | Mwaka | Kioo | Uzito wa kuanzia | RAM | Windows 11 rasmi |
|---|---|---|---|---|---|
| ThinkPad X270 | 2017 | inchi 12.5 | kilo 1.3 | nafasi moja | hapana |
| EliteBook 820 G3 | 2016 | inchi 12.5 | kilo 1.3 | nafasi mbili | hapana |
| ThinkPad X280 | 2018 | inchi 12.5 | kilo 1.2 | imeungwa kwenye bodi | ndiyo, kizazi cha 8 |
| X1 Carbon, kizazi cha 6 | 2018 | inchi 14 | kilo 1.1 | imeungwa kwenye bodi | ndiyo |
| EliteBook 830 G5 | 2018 | inchi 13.3 | kilo 1.3 | nafasi mbili | ndiyo, kizazi cha 8 |
| Latitude 7290 | 2018 | inchi 12.5 | kilo 1.2 | nafasi moja | ndiyo, kizazi cha 8 |
| MacBook Air M1 | 2020 | inchi 13.3 | kilo 1.3 | imeungwa kwenye bodi | haihusiki |

Tazama safu ya uzito. Kati ya nyepesi kuliko zote na nzito kuliko zote kuna gramu mia mbili hivi, na chaja ya kizamani pamoja na waya wake inazidi hapo. Kwa hiyo ukishafika kwenye kundi hili, acha kushindanisha uzito wa mashine, uliza inachajiwaje. X280, X1 Carbon, 830 G5, 7290 na MacBook Air zote zinakubali kuchajiwa kwa USB-C, hivyo chaja moja ndogo ya wati 45 au 65 inatosha mashine na simu. 820 G3 inataka chaja yake ya pini ya duara, na hiyo utaibeba kila uendako.

Kibodi nzuri inapimwaje

Mambo manne yanaamua: vitufe viko umbali gani, vinashuka kiasi gani, bamba lililo chini yake ni gumu kiasi gani, na vitufe vya ukingoni vimewekwa wapi.

Umbali wa kawaida, kutoka katikati ya kitufe kimoja hadi katikati ya kinachofuata, ni milimita 19. Kuupima si kazi: weka rula kutoka katikati ya Q hadi katikati ya P. Hapo kuna hatua tisa, kwa hiyo unatakiwa kupata sentimita 17 na kidogo. Ukipata 16 au pungufu, kibodi imebanwa, na mtu aliyezoea kibodi ya mezani ataanza kugonga vitufe viwili kwa kidole kimoja. Mashine zote saba hapo juu hupita kipimo hiki kwenye herufi. Zinazofeli ni zile ndogo zaidi za inchi 10 na 11, na hata vibodi vya kubandika vya tableti. Wembamba wao unavutia, ila si za kuandikia kitabu.

Mshuko, yaani umbali ambao kitufe huzama ukikibonyeza, ndio unaotofautisha mashine hizi kweli. ThinkPad za miaka ya 2017 na 2018 ziko karibu milimita 1.8. X1 Carbon za kuanzia 2021 zimeshuka hadi 1.5, na X1 Nano, mashine nzuri ya gramu 907, ina 1.35. MacBook Air M1 ina milimita 1. Kwa kulinganisha, kibodi kubwa ya mezani yenye swichi za springi hushuka hadi milimita 4. Mshuko ukiwa mfupi, kidole kinafika chini kabla hakijapunguza kasi, na kishindo kinarudi kwenye viungo vya vidole. Anayechapa kwa kugusa taratibu halioni hilo tatizo kabisa. Anayegonga kwa nguvu, hasa aliyejifunzia mashine za taipu au kibodi za zamani, ataumia ndani ya saa mbili. Jijue wewe ni yupi kabla hujatoa pesa.

Ugumu wa bamba hupimwa kwa kidole gumba: bonyeza katikati ya G na H kwa nguvu ya wastani. Bamba likizama na herufi za jirani zikainama pamoja nalo, kila herufi utakayochapa itakuwa na hisia ya mpira. X1 Carbon na MacBook Air ndizo ngumu kuliko zote hapa. Ukikuta ThinkPad au Latitude inayobonyea sana, shuku kwamba kibodi imebadilishwa na skrubu za chini hazikurudishwa zote.

Kiswahili nacho kina mahitaji yake. Herufi A ndiyo inayotumika kuliko zote, na inaangukia kidole kidogo cha mkono wa kushoto, ambacho ni dhaifu. Tena irabu maradufu zina maana. Kitufe cha A kilichochoka kinachoruka mara moja kitageuza "kufaa" kuwa "kufa", na "kukaa" kuwa "kuka". Kisahihishi hakitaona kosa la kwanza, kwa kuwa "kufa" ni neno halali. Kinachojirudia chenyewe nacho kitageuza "pa" kuwa "paa". Kwa hiyo kwenye kibodi iliyotumika, A ndicho kitufe cha kukagua kwanza: ikiwa rangi yake imefutika na jirani zake bado, mashine hiyo imechapa sana.

ThinkPad X270 na X280: ndugu wasiofanana

X270 ndiyo ya mwisho katika ukoo wa inchi 12.5 kuwa na betri ya kuchomoa. Ina betri mbili: ndogo ya ndani, ya saa-wati 23 hivi, na ya nje unayoibadilisha bila kuzima mashine. Kwa anayeishi kwenye mgao wa umeme au anayesafiri na basi kutwa nzima, hilo ni jambo kubwa: betri ya pili mkobani, na kazi haikatiki. Betri ya nje ya saa-wati 72 hutokeza chini na kuinua nyuma ya mashine, kwa hiyo kibodi inalala kwa mteremko kuelekea kwako. Wachapaji wengi huupenda mteremko huo mezani, ila mapajani unachoma.

Kibodi yake ni ya vitufe vilivyopinda kidogo katikati, kwa hiyo kidole kinajua kipo wapi bila kutazama. Kati ya G, H na B kuna kinundu chekundu cha kuongozea mshale. Wengi hukidharau wiki ya kwanza. Kwa mchapaji faida yake ni kwamba mkono hauondoki kwenye mstari wa katikati kwenda kutafuta padi ya chini, na katika kuhariri maandishi marefu hiyo ni nafuu ya kweli. Mshale ukianza kutembea wenyewe, inua kidole sekunde chache ujisahihishe, usiendelee kuusukuma.

Jihadhari na kioo. X270 nyingi za bei ya chini zina kioo cha 1366 kwa 768 ambacho ukikitazama kwa pembeni rangi zinageuka. Tafuta chenye 1920 kwa 1080 aina ya IPS, ambacho rangi hazigeuki hivyo. Ukiwa na macho yaliyochoka utalazimika kukuza maandishi hadi asilimia 125 au 150, lakini herufi zitakuwa na kingo safi.

X280 ni nyembamba na nyepesi zaidi, lakini imepoteza vitu viwili: betri ya kuchomoa, na nafasi ya kuongeza RAM. RAM imeungwa kwenye bodi. Ya GB 4 usiiguse kwa bei yoyote. Ya GB 8 inatosha kuandika. Ya GB 16 ndiyo ya kushikilia ukiipata. Pia X280 inachajiwa kwa USB-C peke yake, na hapo kuna hatari inayojulikana na mafundi. Programu ya ndani ya saketi ya Thunderbolt, teknolojia ya kasi inayopitia mlango wa USB-C, kwa ThinkPad nyingi za 2017 hadi 2019, ilikuwa na kasoro inayoweza kuua mlango wa USB-C, kuchaji ikiwemo. Lenovo ilitoa sasisho la kurekebisha. Dukani, chomeka chaja kwenye milango yote miwili ya USB-C, mmoja mmoja, uone taa na alama ya kuchaji. Mashine inayochaji mlango mmoja tu, iache.

Tabia moja ya ThinkPad huwakera wageni: Fn iko pembeni kabisa chini kushoto, na Ctrl iko ndani yake. Kunakili na kubandika kunakosea mara kumi kwa siku. Lakini ndani ya BIOS, yaani programu ya msingi inayowaka kabla ya Windows, kwenye mipangilio ya kibodi, kuna chaguo la kuvibadilishana, na ukishalichagua jambo limekwisha.

Kuna watu bado wanaitafuta X220 ya mwaka 2011 kwa ajili ya kibodi yake ya zamani ya mistari saba. Ni kibodi tamu kweli. Mashine iliyobaki chini yake imezeeka: kioo kidogo cha 1366 kwa 768, prosesa ya kizazi cha 2, na betri halisi hazipatikani kirahisi. Iache kwa wapenzi.

X1 Carbon ya kizazi cha 6

Ikiwa inchi 14 haikutishi, hii ndiyo ninayoiweka juu ya zote kwa mtu wa Windows anayeandika kutwa. Ina uzito mdogo kuliko mashine nyingine zote kwenye jedwali ingawa kioo chake ni kikubwa zaidi, na upana huo unatoa nafasi kamili ya viganja pande zote mbili za padi. Kwenye mashine za inchi 12.5 eneo la kulaza viganja ni fupi, na mtu mwenye mikono mikubwa huishia kuning'iniza vifundo kwenye ukingo wa mashine, ukingo ambao baada ya saa moja huacha alama. Mapungufu yake: RAM imeungwa, na betri ni ya ndani. Inashiriki pia hadithi ile ile ya Thunderbolt, kwa hiyo jaribu milango yake kama ya X280.

EliteBook na Latitude

EliteBook 820 G3 imejaa madukani kuliko zote. Mwili wake ni imara, ina nafasi mbili za RAM, na vipuri ni rahisi. Vitufe vyake ni bapa kuliko vya ThinkPad na vina mlio mkavu kidogo, lakini umbali ni kamili na mstari hauyumbi. Kwa mwanafunzi mwenye Linux na bajeti ndogo ni ununuzi wa busara. Tatizo langu na HP za ukoo huu ni mishale: ya juu na ya chini ni nusu kitufe, na anayehariri aya kwa mishale atakosea mara kwa mara.

830 G5 ndiyo chaguo la anayetaka Windows 11 na pia RAM ya kuongeza mwenyewe: nafasi mbili, hadi GB 32. Baadhi zina kioo cha faragha cha Sure View, kilichowekwa ili jirani asisome. Hata kikizimwa hubaki hafifu kwa pembeni. Washa na uzime ukiwa umesimama kando ya meza kabla hujakubali. Jambo jingine ni ukarabati: kwenye 820 G3 kibodi hutolewa kwa juu baada ya kulegeza skrubu za chini, kwenye 830 G5 imefungwa kutokea ndani na fundi hulazimika kuondoa bodi kwanza. Kibodi ikifa, utalipa zaidi kazi kuliko kipuri.

Latitude 7290 ni ya kati kwa kila kitu: nyepesi, kibodi laini na tulivu, mshuko mfupi kidogo kuliko wa ThinkPad, nafasi moja ya RAM. Tafuta yenye betri ya saa-wati 60, si 42.

MacBook Air M1, na ndugu zake wa kukwepa

Hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa, kwa sababu MacBook nyembamba zote zinafanana machoni. MacBook ya inchi 12 ya 2015 hadi 2017, na MacBook Air za 2018 na 2019, zina kibodi ya kipepeo: mshuko wa nusu milimita hivi, na chembe moja ya vumbi inatosha kukifanya kitufe kigome au kichape mara mbili. Apple ilifungua mpango wa kuzitengeneza bure mwaka 2018, lakini ulihesabu miaka minne tangu mashine iliponunuliwa mara ya kwanza, kwa hiyo umepita. Kwenye vumbi la Dodoma au Turkana mashine hizo hazifai. Ile ya inchi 12 ina gramu 920 tu na itakushawishi, usikubali.

Kuzitambua, geuza mashine usome namba ndogo chini. A1534 ni ya inchi 12. A1932 ni Air ya 2018 na 2019. A2179 ni Air ya 2020 yenye Intel, ambayo kibodi yake ni nzuri lakini inapata joto haraka na Apple imeshaacha kuipa matoleo mapya ya macOS. A2337 ndiyo M1, na ndiyo unayoitaka. Namba ikiwa imefutika, tazama mishale: kwenye kipepeo, mishale ya kushoto na kulia ni mikubwa kamili; kwenye A2179 na A2337 yote minne ni midogo. Na kitufe cha F4 chenye alama ya kioo cha kukuzia kinaitenga M1 na ile ya Intel.

M1 haina feni. Haitoi sauti, haivuti vumbi, na betri yake ya saa-wati 49.9 inampeleka mchapaji kutwa nzima bila chaja. Kati ya mashine za Intel hapo juu, ni X270 yenye betri ya saa-wati 72 tu inayoweza kukaribia uvumilivu huo. Kibodi yake ni sahihi na haiyumbi hata chembe, ila ni ile milimita moja. Haina kitufe cha Home wala End. Unatumia Command na mishale, na kufuta mbele ni Fn pamoja na Delete. Kibodi imefungwa kwa ribiti kwenye bamba la juu, na betri imegundishwa hapo hapo, kwa hiyo chai ikimwagika gharama ya kutengeneza inaweza kukaribia bei ya mashine nyingine. ThinkPad na EliteBook za ofisi nyingi zina mifereji ya kupitisha maji chini ya kibodi. Hiyo haizifanyi zisife, inakupa tu muda wa kuzima na kuchomoa.

Mpangilio wa herufi: QWERTY, QWERTZ, AZERTY

Mzigo unaotoka Ujerumani una kibodi ya QWERTZ, ambapo Y na Z zimebadilishana. Kwa lugha yetu, yenye "ya" na "za" kila mstari, ni mateso. Mzigo wa Ufaransa na Ubelgiji una AZERTY: A imepanda mstari wa juu, mahali pa Q, na kidole kidogo kinapanda na kushuka mfululizo. Kwa wasomaji wa Lubumbashi, Bukavu na Bujumbura waliojifunzia AZERTY hiyo si shida, na mara nyingi mashine hizo hupungua bei Nairobi na Dar es Salaam kwa sababu wengine hawazitaki.

Angalia pia ritifaa ya "ng'ombe" na "ng'ambo". Kwenye QWERTY ya Uingereza na ya Marekani iko jirani ya nukta mkato, chini ya kidole kidogo cha kulia. Kwenye QWERTZ inahitaji Shift, kwenye AZERTY imekaa juu pamoja na 4, na kwenye kibodi za Skandinavia iko ukingoni karibu na Enter.

Wauzaji hubandika stika au huchora herufi upya ili kibodi ionekane ya Kimarekani. Kwa anayechapa bila kutazama, mpangilio unabadilishwa kwenye mipangilio na yote yanakwenda sawa. Lakini umbo haliwezi kubandikwa: kibodi za Ulaya, ya Uingereza ikiwemo, zina Shift fupi ya kushoto na kitufe cha ziada kati yake na Z. Aliyezoea Shift ndefu ataandika alama ya ajabu mwanzoni mwa sentensi. Stika nazo hung'oka, na gundi yake huingia chini ya vitufe.

Ukiwa dukani

Omba kukaa. Chapa dakika kumi, si mstari mmoja. Tumia sentensi yenye mitego, kwa mfano: *Wazee wa ng'ambo wanakaa kuangaza mazao yao yaliyofaa, huku vijana wachapakazi wakijaza magunia.* Irudie mara kadhaa kwa kasi yako ya kawaida, kisha tazama palipokosewa. Kosa lililo mahali pamoja kila mara ni la kitufe, si lako. Jaribu Shift zote mbili na kila ncha ya upau wa nafasi. Upau unaoitika katikati na kugoma pembeni umechoka.

Funga mashine uiweke kwenye meza tambarare. Ikiyumba, au padi ikiwa imeinuka, betri imevimba na inaisukuma kibodi kutokea chini. Kisha pima uwezo uliobaki: kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika `powercfg /batteryreport`, na ulinganishe uwezo wa kiwandani na uwezo wa sasa. Chini ya asilimia 70, hesabu bei ya betri mpya ndani ya makubaliano. Kwenye Mac soma idadi ya mizunguko. Apple huikadiria betri ya Air kwa mizunguko 1000.

Kufuli ndilo jambo la kuua biashara. Ingia BIOS ya ThinkPad, EliteBook au Latitude: ikidai nenosiri ambalo muuzaji hana, ondoka. Kwenye ThinkPad halifutiki kwa kuchomoa betri ndogo ya bodi. Kwenye MacBook, itake ifutwe na ianzishwe upya mbele yako ikiwa imeunganishwa na intaneti. Ikiomba akaunti ya mtu mwingine au ikionyesha usimamizi wa kampuni, si yako hata ukiilipia.

Ukiomba kibodi ibadilishwe, sisitiza halisi. Kibodi moja ya ThinkPad hutengenezwa na viwanda zaidi ya kimoja, Chicony na LiteOn wakiwemo, na hisia hutofautiana kidogo, lakini zote ni za kuaminika. Nakala za bei ya chini zina vitufe laini kupita kiasi na kinundu chekundu kisichotii.

Siku ya kwanza nyumbani

Weka sasisho la Thunderbolt kabla ya kitu kingine chochote kama ni X280 au X1 Carbon. Badilisha Fn na Ctrl. Kisha kwenye lugha za kibodi chagua Kiingereza cha Marekani cha kawaida, au cha Uingereza ikiwa ndicho kilichochorwa. Usichague kile cha Marekani cha kimataifa: humo ritifaa husubiri irabu inayofuata na kuivika alama, na "ng'ombe" wote katika maandishi yako watatoka "ngómbe".